Hidrojeni au betri? Namna ya kuichagulia njia ya reli ya mkoani treni yake

Vijana wa reli wa nyumbani huniuliza sana swali hili: dizeli ikiondolewa kwenye njia ndogo za mikoani, tuweke treni ya hidrojeni au ya betri? Mimi ni fundi umeme wa treni, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu iko kaskazini mwa Ujerumani. Ni katika mkoa huu wa Niedersachsen ambako treni ya kwanza ya hidrojeni duniani ilianza kubeba abiria, Septemba 2018. Na ni mamlaka hiyohiyo ya usafiri iliyoileta ambayo mwaka 2023 ilitangaza kwamba ununuzi wake ujao utakuwa wa treni za betri. Pande zote mbili za swali ninazo hapa mlangoni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nilipo. Njia nyingi za mikoani zinatoshwa na betri, na watu huikimbilia hidrojeni kwa sababu wamepima kitu kisichotakiwa kupimwa. Hidrojeni ina mahali pake, ila ni pachache. Hesabu ya kujua njia yako iko wapi haihitaji kompyuta. Kalamu, ramani na ratiba ya treni vinatosha.

Pima pengo la waya

Chora njia yako kwenye karatasi. Palipo na waya wa umeme juu ya reli paka rangi nyekundu, pasipo na waya paka nyeusi. Kipande cheusi kirefu kuliko vyote, kinachoanzia kwenye wekundu na kuishia kwenye wekundu, ndicho kitakachoamua. Urefu wa njia nzima uache kwanza.

Chukua njia ya Cuxhaven hadi Buxtehude kupitia Bremerhaven na Bremervörde, hiyohiyo iliyoanza na hidrojeni. Ina kama kilomita 120, na ukimtajia mtu namba hiyo atakwambia papo hapo kuwa betri haifiki. Lakini Bremerhaven ina waya wa volti 15,000, kwa sababu treni za Bremen zinafika pale. Buxtehude nayo ina waya, maana iko kwenye njia ya Hamburg kwenda Stade. Kati ya miji hiyo miwili pengo ni kilomita 70 na kitu. Upande wa Bremerhaven kwenda Cuxhaven ni kilomita arobaini na kitu tu, ila Cuxhaven hakuna waya. Hapo pengo unalihesabu mara mbili, kwenda na kurudi, au unaweka chaja Cuxhaven na kulihesabu mara moja.

Sasa linganisha na treni zilizopo. Jirani zetu wa Schleswig-Holstein waliagiza treni 55 za betri za Stadler, aina ya FLIRT Akku, na za kwanza zikaanza kubeba abiria Oktoba 2023. Umbali wake rasmi bila waya ni kilomita 80. Katika majaribio ya mwaka 2021 treni ya aina hiyo ilikwenda kilomita 224 kwa chaji moja, lakini ratiba panga kwa 80. Tofauti iliyobaki ni ya betri kuzeeka, baridi, upepo wa mbele, na ile siku treni iliyotangulia imeharibika na yako imesimama porini taa zinawaka na abiria wamo ndani.

Kwa upande wa hidrojeni rekodi ni ndefu zaidi. Treni ya Alstom, Coradia iLint, ilikwenda kilomita 1,175 bila kujaza tangi Septemba 2022. FLIRT ya hidrojeni ilifika kilomita 2,803 kwenye njia ya majaribio huko Colorado mwaka 2024. Ni kazi nzuri ya kihandisi na ninawaheshimu walioifanya. Kwa njia ya mkoani faida yake ni kwamba treni inajazwa mara moja na kufanya kazi siku nzima bila kutegemea umeme njiani. Kama siku yako ya kazi haina hata sehemu moja ya kuchaji, faida hiyo ni kubwa kweli. Kama treni yako inapita chini ya waya kila baada ya saa moja, unalipia umbali usiouhitaji.

Hesabu ya betri

Wahandisi husema kilowati-saa. Nitasema uniti, kama za LUKU, kwa sababu ni kitu kilekile na kila mtu anajua uzito wake mfukoni.

Treni ya mabehewa mawili ya mkoani hula takriban uniti 4 hadi 6 kwa kilomita, kutegemea wingi wa vituo na hali ya hewa. Chukua 5. Pengo la kilomita 75 linataka uniti 375. Ongeza asilimia 30 hivi kwa ajili ya ucheleweshaji na dharura, unafika kama 490. Betri haitumiwi kutoka tupu hadi kujaa, inaachwa ikae katikati ili isizeeke haraka, hivyo chukua asilimia 80 ya ujazo wake. Na miaka ikienda itakuwa imepoteza, kwa hiyo chukua asilimia 80 ya hiyo tena. Gawa 490 kwa 0.64, unapata kama uniti 760. Hiyo ndiyo betri ya kununua, hata kama safari yenyewe inakula nusu yake tu. Mchuuzi akikuletea ndogo zaidi, muulize ni kipengele gani kati ya hivyo amekiruka.

Milima ihesabu peke yake. Treni ya tani 100 ikipanda mita 100 inadai uniti 27, bila kuhesabu msuguano. Tanga iko usawa wa bahari na Moshi iko kama mita 800 juu, kwa hiyo kupanda peke yake ni zaidi ya uniti 210. Kushuka, breki zinarudisha sehemu nzuri ya umeme huo kwenye betri, na hapa betri na hidrojeni zinalingana, kwa sababu treni ya hidrojeni nayo ina betri. Watu wengi hawalijui hili. Seli za hidrojeni, vile vifaa vinavyogeuza gesi kuwa umeme, hazipendi kupandishwa na kushushwa ghafla, kwa hiyo zinazalisha umeme polepole, na betri ndiyo inayosukuma treni inapoondoka stesheni. Ukinunua treni ya hidrojeni umenunua treni ya betri yenye jenereta juu ya paa.

Hali ya hewa inataka sentensi zake. Huku kwetu Januari, kupasha joto mabehewa kunakula sehemu kubwa ya betri, wakati treni ya hidrojeni ina joto la bure linalotoka kwenye seli zake. Kwenye pwani ya joto ni kinyume: kiyoyozi kinakula kwa treni zote mbili, na lile joto la bure linageuka mzigo wa kupozwa.

Dakika za kusimama

Hapa ndipo miradi inapokwama, na ndipo ningetaka utulie.

Nikueleze inavyokuwa. Treni ya betri inaingia stesheni ya mwisho. Dereva anasimama mahali penye alama, anabonyeza, na pantografu, ule mkono wa juu ya paa, unapanda taratibu hadi ubao wa kaboni uguse waya. Unasikia mlio mdogo, kisha transfoma inaanza kunguruma chini ya miguu yako. Kwenye skrini asilimia zinaanza kupanda. Abiria wanashuka wakiwa hawajui kuwa kuna lolote linalotendeka.

Je, asilimia zinapanda kwa kasi gani? Treni inaposimama, umeme wote unapita kwenye ncha moja ya waya. Ncha hiyo inapata moto, shaba inalainika, na siku moja waya unakatika. Ndiyo maana kanuni za Ulaya zinaweka kikomo cha ampea 80 kwa treni iliyosimama chini ya waya wa umeme wa AC. Piga hesabu: ampea 80 mara volti 15,000 ni kilowati 1,200. Toa za kiyoyozi, kompresa na upotevu, betri inabaki na kama 1,000. Zile uniti 375 zitarudi baada ya dakika 22 au 23. Chini ya waya wa volti 25,000 ampea zilezile zinatoa kilowati 2,000, na muda unashuka karibu nusu.

Treni ikiwa inakimbia chini ya waya, kikomo hicho hakiibani, kwa sababu ncha ya mguso inahama kila sekunde. Kilomita 15 za waya inazopita treni kwa mwendo zinaweza kukufaa kuliko chaja mbili za stesheni. Schleswig-Holstein wameifuata njia hii ya visiwa vya waya. Badala ya kuweka waya njia nzima, wanaweka vipande vifupi kwenye makutano kama Husum na Heide, mahali ambapo treni nyingi zinapishana na kusimama. Waya wa kilomita moja hugharimu zaidi ya yuro milioni moja, kwa hiyo kujua mahali pa kuuweka ni nusu ya mradi.

Sasa chukua ratiba, lakini usichukue ile iliyobandikwa ukutani. Omba kumbukumbu za mwaka mzima za saa treni zilizofika kweli. Ratiba itakwambia treni inapumzika dakika 14 mwisho wa njia. Kumbukumbu zitakwambia kuwa jioni za Ijumaa inafika imechelewa dakika 9 na inaondolewa baada ya 5. Treni ya dizeli hilo halikuidhuru, lakini kwenye treni ya betri dakika 9 hizo ni mafuta ambayo hayakujazwa, na deni linahamia safari inayofuata. Nimekaa kwenye vikao ambamo kila mtu alizungumzia ukubwa wa betri na hakuna aliyeuliza treni inasimama muda gani. Uliza wewe. Mara nyingi dawa ni treni moja ya ziada kwenye mzunguko, au kurefusha mapumziko kwa dakika nne, na vyote viwili ni nafuu kuliko kubadili teknolojia.

Hesabu ya hidrojeni

Kilo moja ya hidrojeni ina nishati ya uniti 33. Kuizalisha kwa kupasua maji kwa umeme kunataka kama uniti 50 hadi 55. Ukiongeza kuikandamiza ili iingie kwenye matangi yenye presha ya baa 350, unakaribia 60. Ndani ya treni, seli zinageuza karibu nusu ya nishati hiyo kuwa umeme, nusu nyingine ni joto. Kwa hiyo umeweka uniti 60, umepata 16 au 17.

Treni yetu ya uniti 5 kwa kilomita itakula kama gramu 300 za hidrojeni, ambazo kule kiwandani zilikula uniti 18. Treni ya betri, ukihesabu upotevu wa kuchaji na kutoa, inachukua uniti 6 kutoka kwenye gridi. Ni mara tatu. Hakuna ufundi utakaofuta tofauti hiyo kabisa, kwa sababu imo katika kugeuza umeme kuwa gesi na gesi kuwa umeme tena. Katika nchi ambayo umeme bado unakatika, kila uniti iliyopotea imeondolewa kwenye nyumba ya mtu, na mimi jambo hili linaniuma zaidi ya suala la bei.

Ndipo unapofika kwenye ugavi. Kituo cha kujazia cha Bremervörde, kilichojengwa na Linde, kina matangi 64, kompresa 6, pampu 2, na uwezo wa kilo 1,600 kwa siku. Hidrojeni ya mwanzo ilikuwa zao la pembeni la kiwanda cha kemikali, ikiletwa kwa malori. Kituo ni kizuri, lakini ni kimoja kwa treni 14, na kompresa ni mashine zenye vali na vipete vinavyochakaa. Mtandao wa waya ukipata hitilafu Bremerhaven, treni ya betri inaweza kuchaji Buxtehude. Kituo cha hidrojeni kikipata hitilafu, huna kwingine.

Karakana nayo inabadilika. Gesi hii ni nyepesi, ikivuja inapanda na kujikusanya chini ya paa, kwa hiyo paa linataka matundu ya hewa na vinusi vya gesi, na taa na swichi za juu ziwe za aina isiyotoa cheche. Karakana ya treni ya betri inataka mafunzo ya umeme mkubwa, majukwaa ya kufikia paa, na mahali pa kuitenga betri iliyopata hitilafu. Zote mbili zinataka mafundi wapya, lakini fundi umeme wa treni wa kawaida anahamia kwenye betri kwa urahisi zaidi. Mafundi wa seli za hidrojeni ni wachache, na seli zenyewe watengenezaji wake ni wachache. Kuna nyakati treni nzima, magurudumu mazima, viti vizima, inakaa kwenye njia ya pembeni ikisubiri seli mbadala.

Uzoefu wa hadharani uko hivi. Zile treni 14 za Niedersachsen zilianza kuingia kazini Agosti 2022 katika mradi wa takriban yuro milioni 93. Mwaka uliofuata mamlaka ikasema za betri ni nafuu kuendesha. Baden-Württemberg, mkoa wa kusini, walipima njia 16 zao mwaka 2022, wakakuta hidrojeni inaweza kuwa ghali kwa hadi asilimia 80 zaidi, wakaiacha. Milima ya Taunus karibu na Frankfurt ilianza Desemba 2022 na kundi kubwa zaidi, treni 27, na abiria wa huko walipata shida za kutosha hadi mabasi na dizeli vikarudishwa kuziba mapengo. Berlin-Brandenburg nao walianza na treni za hidrojeni za Siemens Desemba 2024 kwenye njia ya Heidekrautbahn, kwa hiyo mlango haujafungwa.

Mimi ningechagua hidrojeni pale mambo haya yanapokutana: pengo linapita kilomita 120 au zaidi na hakuna gridi ya maana katikati, treni ni nyingi kiasi cha kulipia kituo cha kujazia, na jirani kuna kiwanda chenye hidrojeni safi inayotafuta mnunuzi. Mawili kati ya hayo hayatoshi.

Nyumbani

Mpwa wangu aliyeingia reli aliniandikia: "Shikamoo mjomba. SGR ya umeme si inapita Ruvu? Kwa nini tusichukue umeme pale tukaenda Tanga kwa betri?" Wazo ni zuri, na ukilipima linafundisha.

Kwanza, geji, yaani upana kati ya reli mbili. SGR ni milimita 1,435, njia ya kutoka Ruvu kwenda Mruazi, inakokutana na njia ya Tanga, ni ya geji ya mita. Treni ya SGR haiwezi kuingia huko, yenye betri au isiyo na betri. Lakini umeme hauna geji. SGR ya Tanzania inatumia volti 25,000, na umeme huo unaweza kuvutwa hadi kwenye jukwaa la pili, juu ya njia ya geji ya mita, na treni nyingine kabisa ikachaji pale. Pili, pengo. Ruvu hadi Mruazi ni karibu kilomita 190. Kwa treni ya kilomita 80 unahitaji vituo viwili vya kuchaji katikati, na kila kimoja kinataka kilowati 2,000 kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha sifuri kwa saa kadhaa. Mzigo wa namna hiyo TANESCO hawataupenda, wala kampuni yoyote ya umeme.

Hapo reli ya nyumbani imwige Mwingereza wa West Ealing. Kwenye kijinjia kifupi cha kwenda Greenford, magharibi mwa London, reli wamejaribu chaja ambayo ina betri zake zenyewe kando ya njia. Betri hizo zinajazwa polepole na umeme wa kawaida wa mtaa, treni ikifika zinamimina zilichokusanya kwa dakika tatu na nusu. Kwa gridi dhaifu huo ndio mpango ningeuchora, pamoja na paneli za jua juu ya paa la stesheni.

Nilimjibu pia jambo ambalo hakuliuliza. Kama njia ina treni chache kwa wiki, pesa ya kwanza iende kwenye mataruma, makalvati na madaraja, maana treni ya bei mbaya kwenye njia inayosombwa na mvua za masika haimfikishi mtu Korogwe. Umeme uje pale treni zinapokuwa nyingi kwa siku. Kenya, ambako SGR ya Mombasa hadi Nairobi bado ni ya dizeli, swali ni jingine kabisa. Mizigo ile mizito kwa kilomita 480 inataka waya, si betri wala hidrojeni.

Kabla ya kusaini

Mfanye muuzaji aandike, si aseme, umbali bila waya kwa betri ya miaka minane, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwa nguvu zote na mabehewa yamejaa. Kwa hidrojeni, aandike saa ambazo seli zitafanya kazi kabla ya kubadilishwa, na seli ngapi za akiba zitakaa kwenye ghala lako, si kwenye ghala lake Ulaya. Treni inaishi miaka 30. Betri itabadilishwa ndani ya muda huo mara mbili hivi, seli zaidi ya hapo, na bei ya mabadiliko hayo iwekwe kwenye mkataba leo pamoja na faini kwa kila treni isiyokuwa tayari saa kumi na moja alfajiri.